Neno la Isnino

Faili ya Isnino ilikuwa imefunguliwa, na aliyeifungua si mimi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Garissa kutoka kambi za Dadaab, nikawasha kompyuta niandike barua ya kazi. Ilikuwa Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Mashine ile ilikuwa na kawaida ya kubakisha pembeni majina ya faili zilizosomwa karibuni, kama vumbi linavyobakisha nyayo. Jina la juu kabisa lilikuwa la Isnino.

Huo ulikuwa mwaka wa 1998. Mafuriko yalikuwa yamepungua, lakini barabara zilikuwa bado tope tupu. Nilifanya kazi na shirika dogo la akina mama, nikiandika yaliyowapata wakimbizi waliovamiwa walipokwenda kutafuta kuni. Wengi walinisimulia wakiwa wameziba nyuso. Isnino alifunua uso wake, akawataja waliomshambulia kwa majina yao na ya baba zao. Wawili wakakamatwa. Tukamtoa kambini, tukamficha Masalani kwa mkunga mmoja aitwaye Osob, mpaka siku ya kesi. Na yote hayo nilikuwa nimeyaandika: jina, mji, nyumba.

Kompyuta ilikaa sebuleni, imefunikwa kwa kitambaa alichokidarizi mama mkwe. Mume wangu Salat alikuwa ameitia neno la siri, akaniambia nilale usingizi. Kumbe ukibonyeza kitufe kimoja tu pale pembeni, mashine haikuulizi tena kitu. Inakukaribisha kama mgeni wa harusi.

Abdisalam, mdogo wake Salat, alikuwa uani. Nikamwita.

"Shemeji, nani alikaa hapa?"

"Mimi. Nilikuwa nikicheza karata." Akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi. "Ile nilifungua tu. Wallahi sikufuta kitu, sikuongeza kitu. Iko vile vile ulivyoiacha."

Alisema kweli. Hata nukta haikuwa imesogea. Kwake yeye, kusoma hakukuwa kuchukua.

"Ulikuwa na nani?"

"Rafiki yangu Diriye alikuja jana, tukatafuna miraa."

"Naye alisoma?"

"Mpaka chini. Halafu akainuka, akasema leo anakwenda Hulugho kuangalia ngamia wake."

"Diriye ana ngamia tangu lini?"

Abdisalam akakaa chini sakafuni, pale pale aliposimama. Mmoja wa wale waliokamatwa alikuwa mtoto wa shangazi yake Diriye. Na gari la Hulugho, siku hizo za tope, lilikuwa linapitia Masalani.

Simu ya kumfikia Osob haikuwapo. Kulikuwa na redio koli ofisini kwetu, na nyingine kwenye zahanati ya Masalani. Lakini redio koli ni kama kisima cha njiani, kila apitaye hunywa. Polisi walisikiliza, wafanyabiashara walisikiliza, na huenda hata ndani ya gari alilopanda Diriye mlikuwa na redio. Nilitoka mbio na buibui yangu, Abdisalam nyuma yangu, na njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno ambayo Osob peke yake angeyaelewa.

"Masalani, Masalani, hapa Garissa. Ova."

Akajibu Duale, karani wa zahanati, aliyeitamka kila p kama b. "Garissa, nakubata vizuri."

"Mwambie Osob ile dawa niliyomletea mwenyewe imeharibika. Asiiweke nyumbani. Aivushe mto sasa hivi."

"Dawa gani? Sisi hatukubokea dawa."

"Duale, yeye anaijua."

"Niambie jina, niandike."

Nikakiachia kile kitufe cha kusemea. Nilisikia mkoromo wa mawimbi, na ndani ya mkoromo huo niliyahisi masikio ya watu nisiowaona.

"Ni ile isiyotakiwa kupigwa na jua," nikasema. "Mwambie hivyo tu. Kimbia, ndugu yangu. Ova."

Tukangoja. Adhana ya alasiri ikapita. Abdisalam alichuchumaa mlangoni akisoma dua kwa sauti ya chini. Jua lilikuwa limeinama redio ilipokohoa.

"Garissa, Osob anasema dawa imevuka. Anasema chuba haikubasuka."

Nikalia mbele ya Abdisalam bila haya.

Kesho yake Diriye alifika kwa Osob na wanaume wawili. Walikunywa chai, wakakitazama kitanda kitupu, wakaondoka. Kesi ilisikizwa baada ya miezi kadhaa. Mmoja alifungwa, mwingine akaachiliwa, na Diriye aliendelea kunisalimu sokoni kana kwamba hapakuwa na lililopita. Abdisalam hakumkaribisha tena.

Isnino alikuja kuniaga kabla ya kusafiri. Akasimama mbele ya kompyuta.

"Abaayo, dada yangu, maneno yangu bado yamo humo?"

"Yamo."

"Nani anaweza kuyasoma?"

Nikamweleza kwamba fundi alikuwa amenifundisha kuitia faili moja neno la siri la peke yake, neno lisilorukwa kwa kitufe chochote.

"Basi nitalitia mimi," akasema.

Alikuwa amesoma Kismayu zamani, herufi alizijua. Nilimfungulia mahali pa kuandika, nikageuka nikaangalia dirisha. Vitufe viligongwa polepole, kisha vikagongwa tena, maana mashine hutaka neno lirudiwe.

Faili hiyo ninayo hadi leo, kwenye disketi. Siwezi kuifungua.