Akoth na Picha ya Sita

Dada Akoth alikuwa akishona nguo katika chumba kilichopakana na cha Lakot, kule Namuwongo, Kampala, upande wa reli, na kamera ilikuwa yake. Lilikuwa sanduku jeusi lililochubuka pembeni, lenye kioo kimoja mbele, kitufe kimoja ubavuni na kifundo cha kuzungushia mkanda. Halikuwa na betri wala taa. Ulilishika tumboni, ukainama, ukachungulia kidirisha cha juu, na humo ukamwona uliyemsimamisha, mdogo kama punje, kulia kwake kumegeuka kushoto. Nyuma kulikuwa na kitundu chekundu cha kuonyesha namba ya picha. Mkanda mmoja ulitoa picha nane, basi.

Lakot, mke wa Sebit fundi wa magari ya polisi, alijifunza kamera hiyo kama watu wanavyojifunza kupika, kwa kusimama karibu.

"Jua likae mgongoni kwako," Akoth alimwambia. "Mtu umweke hatua nne. Bana pumzi, halafu bonyeza."

Lakot aliupenda mlio wake, tk, kama ukucha unaogonga kikombe. Alipenda pia kwamba baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Miaka mingi baadaye wanawe walimnunulia kamera inayofanya kila kitu yenyewe, akashukuru, akaiweka kabatini. Alichokikumbuka ni zile Jumapili uani, nguo zimepigwa pasi, watu wakibishana nani apigwe na nani asubiri mwezi ujao, kwa sababu kila mtu alijua zimebaki picha ngapi.

Julai ya 1976 Wakenya wakaanza kuikimbia Kampala. Serikali iliwashuku ujasusi; walikuwa wakikamatwa kazini na barabarani, na wengine hawakuonekana tena. Asubuhi moja Akoth alipata nafasi kwenye lori la mtu wa kwao Kisumu, Ochola, aliyemruhusu mzigo mmoja tu. Akachagua cherehani.

"Kamera baki nayo," alisema. "Wakiiona mpakani wataniita jasusi."

"Na mimi wakiniita?"

"Wewe mume wako yuko polisi, mdogo wangu."

Lakot akamsimamisha mlangoni, mikono ameikunja mbele. Kitundu chekundu kilionyesha sita. Tk. Papo hapo honi ikalia. Wakakumbatiana, Akoth akapandishwa juu ya magunia, na Lakot akabaki na sanduku mkononi, kifundo hakukizungusha.

Wiki hiyohiyo askari wakaja kupekua vyumba vya Wakenya. Mmoja wao akaingia hadi kwa Lakot, akaikuta kamera mezani.

"Mama, hii kitu nini? Unapiga picha ya nani?"

"Ya familia, afande."

Akaigeuzageuza, vidole vikitafuta pa kufungulia.

"Ukifungua zinakufa zote, afande. Mwanga unazichoma."

Askari alimkazia macho. Kisha uso ukalegea. "Basi piga mimi."

Akajipanga ukutani, bunduki begani, tumbo amelivuta ndani. Lakot aliinama juu ya sanduku. Mkanda ulikuwa palepale ulipomwacha Akoth. Akibonyeza, sura ya huyu itakaa juu ya ile. Akizungusha kifundo, amempa moja ya picha mbili zilizosalia. Askari alikuwa akitazama mbali, juu ya mapaa, kama wakubwa wanavyotazama magazetini. Lakot akasogeza kidole gumba, akaziba kioo, akabonyeza. Mlio ulikuwa uleule.

"Nachukua lini?"

"Dawa za kusafishia picha hazipo mjini, afande. Mpaka zije."

Alikubali. Sabuni na sukari nazo hazikuwepo. Alipotoka tu, Lakot aliifunga kamera kwa kitambaa akaifukia ndani ya debe la unga wa mtama, na kwa wiki nyingi kila kishindo cha buti kilimkausha mate. Yule askari hakurudi. Sebit alisikia kazini kwamba kikosi chao kimehamishwa.

Desemba akazaliwa Amito. Sebit alitaka mama yake kule Arua amwone mjukuu, kwa hiyo wakaifukua kamera. Lakot akasoma kitundu: sita. Je, alikuwa amezungusha? Alijaribu kukumbuka, lakini hofu ya siku zile ilikuwa imemfuta kichwa. Na kamera ilionyesha namba tu, haikusema kama imekwisha kutumika.

"Kama namba inaonekana, iko tayari," alisema Sebit, kwa uhakika wa fundi wa magari.

Akajificha nyuma ya pazia la mlango, akamtoa mtoto mbele kwa mikono miwili. Lakot akabonyeza. Kisha wakapiga ya saba na ya nane, Sebit naye akiwa ndani, ameshika kofia.

Dawa zilipatikana Machi, kwa mzee Wahabi wa Kawempe. Lakot alipozifuata picha, mzee alimpokea kwa unyonge.

"Mama Amito, samahani. Moja imeharibika. Umepiga mara mbili mahali pamoja."

Akamwekea mezani kipande cha majaribio. Akoth alikuwa amesimama mlangoni, pazia likipita katikati ya gauni lake, na juu ya mikono yake iliyokunjwa alilala Amito, mwepesi kama moshi. Mikono ya Sebit ilikuwa imepotelea ndani ya ile ya Akoth. Lakot alikaa kwenye benchi. Alicheka, halafu akaona hacheki tena.

"Karatasi zangu za picha zimebaki tatu tu," alisema mzee Wahabi. "Niitupe hiyo?"

"Usithubutu, baba. Nitolee mbili za hiyo. Nyingine moja, ya nane, ya bibi yake."

Nakala moja ilikwenda Kisumu kwa Akoth, kwa posta, na jibu likaja Septemba. Kuhusu picha Akoth aliandika mistari miwili: kwamba mtoto ana paji la Sebit, pole sana, na kwamba ameionyesha kanisani na watu wamegoma kuamini. Kurasa zilizobaki zilikuwa za maswali. Nani anakaa chumbani kwangu? Yule mwalimu alilifuata koti lake? Paa mmeliziba?

Lakot aliisoma barua amesimama. Kisha akakaa kizingitini, mtoto mgongoni, akaianza tena kutoka juu, akitafuta kichwani namna ya kumwambia kwamba chumba chake kimekwisha kupangishwa mtu mwingine.