Mkono wa Hafsa

Bi Zaituni alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka akikata bafta ya sanda kwa mkasi wa kushonea, mlango umefungwa, na redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo vya wilaya nyingine. Alikuwa amewaosha wanawake wa Kiislamu wa Migori tangu msikiti ulipokuwa wa udongo, na hakuna aliyewahi kulalamikia kazi yake, ingawa tuseme kweli, wateja wake si watu wa kulalamika.

Asubuhi hiyo alikuwa amemwosha Hafsa, mke wa Shaban Odero, mnunuzi wa dhahabu ya machimbo ya Osiri. Alimwosha kwa maji ya mkunazi, akamalizia na maji ya kafuri, akamkausha, akaanza kumvisha nguo tano za mwanamke: shuka, kanzu, ukaya na zile mbili za kuzungushia. Kila kitu kilikaa mahali pake isipokuwa mkono wa kushoto. Nguo ilifika begani ikasimama. Bi Zaituni aliivuta ikashuka mpaka vidoleni, na alipoiachia ikapanda tena begani, taratibu, kama pazia linalovutwa na mtu wa upande wa pili. Alidhani amekata vibaya. Akakata kipande kingine.

Mkono wenyewe ulikuwa na alama juu ya kifundo, nne upande huu na moja upande ule, rangi ya zambarau iliyoiva. Chini ya kiwiko mfupa ulikuwa umewahi kuvunjika ukaunga vibaya. Nyuma ya kichwa, chini ya ukaya, palikuwa na mahali laini ambapo hapakupaswa kuwa laini. Shaban alikuwa ametangaza kwamba malaria ilimpanda mkewe kichwani.

Kufikia adhuhuri bafta ilikwisha katika maduka yote ya Migori. Shaban, ambaye hakuwa mchoyo, alituma gari Homa Bay likaleta jora zima. Bafta ya Homa Bay ilikuwa nzito na safi zaidi. Nayo ikasimama begani.

Maalim Kassim aliitwa. Alisimama nje ya mlango akiwa ameupa mgongo.

"Umevuta?"

"Nimevuta, Maalim."

"Umesoma?"

"Nimesoma. Mkono uko nje wote."

Maalim alifikiri kidogo. "Basi wanaume watainamisha macho."

"Maalim, huo mkono una..."

"Bi Zaituni. Muosha husitiri."

Hilo lilikuwa kweli. Muosha husitiri, na anayemsitiri maiti Mungu humsitiri naye. Bibi aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba unachokiona kwenye ufuo, lile shimo la maji ya kuoshea maiti, hufia kwenye ufuo. Bi Zaituni alifunga mdomo, akafunga sanda kichwani na miguuni, akaita wachukuzi.

Mazishi yalikwenda vizuri. Wanaume walitandaza shuka juu ya kaburi kama inavyofanywa kwa maiti wa kike, wakamlaza Hafsa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, wakafukia. Kila udongo ulipopanda, mkono nao ulipanda. Kwa kuwa wote walikuwa wakitazama pembeni, mmoja wao nusura aingie kaburini. Walipomaliza, kaburi lilikuwa limeinuka vizuri na mkono umesimama katikati yake, kiganja wazi kidogo, kama wa mtu anayesubiri chenji dukani. Maalim alisoma dua. Watu waliinamisha macho, wakarudi mjini kwa alasiri.

Ijumaa iliyofuata hotuba ilihusu macho na hatari zake. Ilikuwa hotuba nzuri, ikashika. Hawajapata kutokea Migori wanaume wenye macho ya chini kama wale. Kwenye njia ya makaburini waligongana vipaji vya nyuso, na wengine walianza kujuana kwa viatu.

Mkono haukuoza. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba ziliukuta pale, zikauosha kutwa kucha, na alama hazikufifia. Kwa kuwa ni mkono wa mwanamke na si halali kuguswa na asiye maharimu wake, Bi Zaituni alipewa ruhusa maalumu ya kuingia makaburini kila Ijumaa akauvike. Alishona mikono ya kanzu yenye mpira, akashona yenye vifungo, akajaribu na pini. Kila aliporudi aliikuta nguo imekunjwa begani, imekunjwa kwa unadhifu, maana Hafsa alikuwa mwanamke msafi.

Shamba la ndizi lililopakana na makaburi lilikuwa la Phelesia, Msabato kutoka Kisii, mjane aliyeuza ndizi sokoni. Ijumaa moja aliacha jembe akaja mpaka kwenye ua, akamwita Bi Zaituni kama Wajaluo wamwitavyo bibi.

"Dani Zaituni, hiyo mkono iko na alama ya vidole. Mtu alimshika hapa akamvuta. Na hapa kwa kiwiko ilivunjikanga zamani. Kwani nyinyi hamuoni?"

"Sisi hatuangalii, Phelesia."

"Kwa nini?"

"Ni mwili wa mwanamke."

"Sasa mimi naona, na mimi pia ni mwanamke. Wewe ni mwanamke."

"Wewe ni Msabato," Bi Zaituni alisema, na akaona haya papo hapo, kwa sababu halikuwa jibu.

"Haya. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai."

Phelesia hakuishia hapo. Alikwenda akamleta askari. Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Alivua kofia, akainamisha macho kwa kuheshimu dini ya watu, akasimama kidogo, akarudi zake.

Wiki hiyohiyo Shaban alikuja kwa Bi Zaituni, mchana kweupe, na pakiti mbili za sukari. Alivua viatu mlangoni. Aliongea kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo sauti iliyomtisha Bi Zaituni, maana mtu anayepiga kelele unajua amefika wapi.

"Wewe ni mama yetu. Nasikia muosha hubeba mengi kifuani."

"Sibebi kitu, mwanangu."

"Vizuri. Mzigo huvunja mgongo, hasa wa wazee wanaokaa peke yao."

Alipoaga alimshika kifundo cha mkono, polepole, akakishikilia kidogo kupita salamu, akamwachia. Bi Zaituni alikaa na ile sukari mapajani mpaka adhana ya magharibi. Alikuwa akiogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa maiti. Mlango wake ulikuwa wa mbao nyepesi na komeo la waya, na kabla ya siku ile hakuwa ameliona kuwa la waya.

Hafsa alikuwa ameacha watoto wawili wadogo, na mdogo wake wa kike, Sauda, ndiye aliyekuwa akiwalea nyumbani kwa baba wa dada hao wawili, Mzee Bakari. Ilipofika Rajabu, Shaban alipeleka posa. Hakuomba mbali. Alimwomba Sauda. Alisema watoto wamezoea damu yao, na kuwatia mikononi mwa mgeni ni kuwaonea. Wazee waliona ni neno la busara. Mzee Bakari alikubali kabla chai haijapoa.

Ila dini haikubali msichana aozwe bila idhini yake, na Maalim Kassim alikuwa mtu wa kufuata dini. "Lazima aulizwe," alisema. "Na mwali akiulizwa akanyamaza kwa haya, kimya chake ndiyo idhini. Aende Bi Zaituni. Wanamwamini."

Bi Zaituni alimkuta Sauda nyuma ya nyumba akianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya gunia, watoto wakigombania kopo kando yake. Aliketi kwenye kigoda, akauliza kama alivyotumwa. Sauda aliendelea kutandaza omena kwa kiganja, mmoja asimlalie mwenzake.

"Dani, wewe ndiye ulimwosha dada. Alikufa na nini?"

"Ni kazi ya Mungu, nyathina, mwanangu."

"Ya Mungu najua. Nakuuliza kazi ya mtu."

Bi Zaituni alitazama watoto.

"Mimi mkono nimesikia habari zake tu," Sauda alisema. "Baba ananiambia hakuna kitu, watu wanaongea ovyo. Nikikataa nikisema naogopa, watasema ni utoto. Lakini wewe ukisema ulichoona, nitasimama mbele ya Baba na Maalim niseme sitaki, na watoto sitoi. Neno lako moja tu, Dani."

Hapo ndipo Bi Zaituni alipokumbuka sehemu ya pili ya mafundisho ya yule bibi wa zamani, sehemu ambayo hakuwa ameihitaji kwa miaka yote. Bibi alimwambia: tunasitiri aibu ya maiti, lakini dhuluma aliyofanyiwa si aibu yake, ni ya aliyemdhulumu. Aliikumbuka neno kwa neno. Alikumbuka hata jinsi bibi alivyokuwa akikamua kitambaa aliposema. Na haikumsaidia kitu, kwa sababu hakuwa amekosa elimu. Alikuwa anaogopa. Alifikiria komeo la waya, akafikiria ile sauti ya chini, na ulimi ukakaa mahali pake.

Sauda alimsubiri. Alisubiri muda mrefu, macho yake hayakumtoka mzee, mpaka mtoto mmoja akashinda kopo na mwingine akaanza kulia. Kisha naye akanyamaza, akarudi kwenye omena.

Msikitini, Maalim aliuliza kwa kupitia dirishani, "Amesemaje?"

"Amenyamaza."

"Alhamdulillahi," Maalim alisema. Hakuuliza nani alitangulia kunyamaza, na Bi Zaituni hakumwambia.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Baada ya ndoa kufungwa, wanawake walimchukua bibi harusi kumpeleka kwa mumewe. Nyumba ya Shaban ilikuwa ng'ambo ya makaburi na njia ni ile moja, kwa hiyo wanaume walitangulia wakiwa wameinamisha macho, na wanawake wakafuata kwa matari na vigelegele. Phelesia alisimama kwenye migomba yake, jembe begani. Hakupiga kigelegele.

Walipofika usawa wa kaburi Sauda aliacha njia. Alivuka ua akiwa na buibui lake jipya, akautazama ule mkono toka begani mpaka kwenye kucha, akiwa Mwislamu wa kwanza kuutazama ukiacha Bi Zaituni. Aliona kiwiko. Aliona zile alama, akazigusa moja baada ya nyingine.

"Asalaam aleikum, dada," alisema, akampa mkono. Mtu hasalimiwi kwa mkono wa kushoto, lakini huo ndio uliokuwepo.

Vidole vya Hafsa vilijifunga kwenye kifundo cha mdogo wake.

Wanawake walingoja. Walidhani ni salamu tu, na dada wawili wana haki ya salamu ndefu. Matari yakapungua, yakakoma. Shangazi mmoja akamvuta Sauda kiunoni, hakutoka. Wakavuta watatu. Kutoka ng'ambo ilikuja harufu ya pilau, na mtu akasema chakula kitapoa, wageni wa Homa Bay wana safari.

Maalim Kassim alirudi nyuma mpaka uani, akageuka akawapa mgongo. "Bi Zaituni amezoea," alisema.

Bi Zaituni alipiga magoti juu ya kaburi. Aliinamia vidole, akaanza na kile kidogo, huku akibembeleza kwa sauti ya kuoshea: "Tuachie, mwanangu. Tumechelewa. Tuachie." Kidole kidogo kilifunguka. Cha pete kikafunguka. Cha kati kilichukua muda, akakisomea. Cha shahada kilikuwa kigumu zaidi, akakisomea tena. Kikabaki kidole gumba, na gumba halikusikia dua wala kubembelezwa. Hapo Bi Zaituni aliinua uso, akaona kwamba Sauda hakuwa akivuta hata kidogo. Alikuwa ameushika mkono wa dada yake kwa nguvu zake zote.

"Dani," Sauda alisema. "Bado unaweza kusema."

Wanawake walikuwa wamemzunguka. Mbele, kwenye kizingiti cha nyumba yake, Shaban alikuwa amesimama akingoja, mikono nyuma. Peke yake katika wanaume wote alikuwa ameinua macho, na alikuwa akimtazama Bi Zaituni.

Bi Zaituni alilishika gumba akalivunja. Lilitoa sauti ya ukuni mkavu, na kila mtu aliisikia. Vigelegele vikaanza tena, vikali kuliko mwanzo.

Wakamwinua Sauda, wakampangusa udongo magotini, wakamfikisha mlangoni. Kwa kuwa kungwi aliyekuwa aletwe alikuwa amekwama Karungu kwa sababu ya barabara, Bi Zaituni ndiye aliyemshika mkono bibi harusi akamkabidhi. Shaban alimshukuru kwa kazi nzuri, akaagiza apakuliwe kwanza. Sahani ililetwa imejaa, nyama juu. Bi Zaituni hakuwa na njaa, lakini aliila yote mpaka punje ya mwisho, kwa sababu Shaban alikuwa bado anamtazama.