Tangazo Lililokuja Kuniona

Jana mchana nilijilaza baada ya vipindi, kalamu nyekundu mfukoni, nikaota.

Kwanza ujue kilichotangulia. Mdogo wangu Somoe amefungua mgahawa kwa mtaji wake wote, na ukutani ameandikisha tangazo: CHAI INACHAISHA. Mimi ni mwalimu wa lugha. Asubuhi hiyo, nikipita kwenda shuleni, uzalendo ulinishinda. Nikalizungushia duara jekundu na chini yake nikaandika, kama kwenye daftari la mwanafunzi: Nione.

Ndotoni, tangazo linabisha hodi ofisi ya walimu. Limebanduka ukutani, linadondosha chokaa sakafuni.

“Umeniita, mwalimu.”

Nikaliuliza limepewa na nani ruhusa ya kuifanya chai kitenzi. Likasema ruhusa halina, lina wateja.

Basi nikalisahihisha. “Chai inayouzwa hapa ni nzuri kuliko chai nyingi zinazouzwa kwingineko, ingawa ladha hutegemea mnywaji.” Sentensi safi, nilijisikia vizuri sana.

Tatizo ni urefu. Ofisi sasa ni barabara, na sentensi imeupita mlango wa Somoe, imekata kona, nukta yake imeangukia kwa Bi Tatu, muuza supu. Wateja wanaisoma huku wanatembea. Wakifika kwenye nukta wanakaa, maana nukta ni mahali pa kupumzika. Nusu yao nimewafundisha mwenyewe.

Somoe amesimama peke yake na birika.

“Kaka,” anasema, “lile kosa ndilo lilikuwa linaniletea watu.”

Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Nikaifuta sentensi yote kwa shati langu. Nukta tu ndiyo ilikataa kuondoka. Ilisema imeshaagiza supu.

Hapo nikazinduka. Nikabeba ndoo na kitambaa, nikaenda mbio kufuta wino wangu kabla haujamharibia mtoto wa watu biashara.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Somoe akaniwahi ukutani, akanishika mkono.

“Usifute, kaka. Tangu asubuhi wanasoma hapo chini, wanaingia kuniona.”

Nilikunywa vikombe viwili bila kusahihisha chochote. Wakati wa kurudi nikapita kwa Bi Tatu. Alikuwa amefunga, benchi halina mtu. Juu yake palikuwa na bakuli lililolambwa likatakata, na kando ya bakuli nukta moja nyekundu, mbichi bado.