Madoa ya Zambarau Kwenye Lenzi

Wenye nyumba na watoto wenye kamera, kabla hamjashika kitambaa, sikieni yaliyompata mama mmoja aliyependa usafi kupita kiasi.

Alikuwa amesimama kwenye kaunta ya fundi picha kwa mara ya tatu wiki hiyo, mkoba kwapani, uso umekunjamana kama shuka lisilopigwa pasi. Binti yake kando anashusha pumzi tu. Mbele yao picha kubwa, pana kama dirisha: bibi wa miaka themanini, mama yao, katikati, mama mwenyewe kulia, na kushoto dada yake mkubwa, ambaye kwa miaka tisa hakuwa ameketi naye benchi moja. Wote watatu wametandwa na ukungu, kama waliopigwa picha nyuma ya mvuke wa birika.

"Fundi, mashine yako mbovu. Ile picha ndogo ya kiganja mbona ilitoka vizuri?"

"Picha ndogo huficha aibu, mama yangu. Ukiikuza, na aibu inakua."

"Basi iskani tena!"

"Nimeiskani mara tatu! Skana ni shahidi, si mganga. Inasema kilichomo kwenye filamu, basi."

"Shahidi wa uongo!"

"Mama, jamani," binti akanong'ona.

Fundi akavuta ule ukanda wa filamu, akaskani picha ya kwanza kabisa, ya bibi peke yake. Kwenye kompyuta kope zake zilihesabika moja moja, hata uzi wa kifungo ulionekana.

"Filamu ile ile, skana ile ile. Hapa ulitumia lenzi gani?"

"Ya kuazima," binti akajibu. "Niliirudisha Ijumaa. Jumamosi nikatumia ya marehemu babu. Lakini ya babu siku zote inatoa picha kali kama wembe!"

"Hebu niione."

Binti akaitoa, fundi akaimulika kwa tochi, akaguna. "Nani kaiparuza hii? Kioo hiki kilipakwa utando wa zambarau, wa kuzuia mwanga usitawanyike ndani. Umekwanguliwa. Imebaki mikwaruzo tupu. Sasa hata ukinunua skana ya dhahabu, itakuletea ukungu uleule, tena mkubwa zaidi."

Mama akakumbuka. Asubuhi ya Jumamosi, kabla wageni hawajafika, aliikuta lenzi mezani ina madoa ya zambarau kama mafuta juu ya maji. Dawa ya meno kidogo, kitambaa, akasugua mpaka ikatakata. Tena alijisifu.

"Mama? Ni wewe?"

"Ilikuwa na mafuta."

"Mafuta! Mama! Kuna kitu gani hujasugua humu duniani?"

Hapo ndipo palipouma. Maana ugomvi wa miaka tisa ulianzia kwenye kikaango kipya cha dada, kile cheusi kisichogandisha chakula. Mama alikisugua kwa stilwulu, zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, mpaka weusi wote ukatoka, kikang'aa kama kioo. Yakaja maneno, yakafuata mengine, kisha kimya. Mpaka bibi alipogoma kupigwa picha ya familia bila wanawe wote wawili. Sasa nani angemwita dada tena?

"Utampigia wewe," binti akasema. "Na usisingizie skana."

Mama akatoka nje na simu.

"Dada, ile picha imeharibika. Inabidi tupige tena."

"Kwa nini? Kamera si ilikuwa nzima?"

Kupitia dirisha la duka aliiona skana imekaa kimya, haina wa kuitetea. 

"Nilisugua lenzi. Kwa dawa ya meno."

Upande wa pili dada akaguna. Kisha: "Ilikuwa chafu?"

"Haikuwa chafu, dada. Wala kikaango chako hakikuwa kichafu."



"Haya. Jumapili nitakuja," dada akasema. "Lakini mtoto aazime lenzi nyingine nzuri, na ailete kwangu mapema. Wewe kaa mbali nayo!"