Mkalimani wa Gemu la Mjomba

Mimi ni mkalimani wa mahakama. Kazi yangu ni kusema alichosema mtu mwingine, bila kutia chumvi wala kupunguza. Shahidi akitukana, natukana. Akinong'ona, nanong'ona. Mwaka wa kumi na tano huu, na hakuna hakimu aliyewahi kunikemea kwa neno nililoongeza. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Nikimsubiri mtu anisifie nitazeeka.

Mdogo wangu hunisifia, na hapo ndipo balaa lilipo. Kila anaponitambulisha kwa watu husema, "Dada alianza ukalimani ana miaka kumi na miwili. Alikuwa ananitafsiria gemu!" Watu hucheka, nami nacheka, kisha nabadilisha mazungumzo.

Gemu lenyewe lilikuwa la mjomba. Alituachia mashine yake mwaka ule mama alipolazwa, ili tutulie nyumbani. Askari mdogo anapanda mnara wenye milango saba, na kwenye kila mlango kuna mlinzi mwenye maneno yake. Maneno ya kigeni. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, akanitazama nimwambie yanasemaje. Sikujua hata herufi moja. Nikamtafsiria.

Sasa, Jumamosi iliyopita akanipigia simu mchana. Ameipata mashine ya aina ileile kwa muuza mitumba, na gemu lilelile, na inawaka. "Njoo, Dada. Mwanangu haamini."

Mwanawe ni binti wa miaka kumi na mmoja. Tangu wazazi wake waachane huja kwa baba yake wikiendi, hukaa kwenye kochi na simu, hujibu "poa" na "sijui", Jumapili jioni huyo anaondoka. Mdogo wangu amejaribu mpira, amejaribu baiskeli, amejaribu kupika naye keki ikaungua. Safari hii amemwambia magemu ya siku hizi ni picha tupu, ya zamani yalikuwa na hadithi, na hadithi ya hili la mjomba haina mfano. Binti akasema haya, tuone.

"Amesema tuone, Dada!" Utadhani amepandishwa cheo. Ningekataaje?

Nikamkuta amekaa sakafuni, magoti yanamlia. Televisheni yake ni kubwa mno kwa picha ile, na askari alikuwa amevutwa mpaka amekosa sura.

"Baba, huyo ni mtu au kopo?"

"Ni askari. Tulia uone."

Akabonyeza. Askari akaruka amechelewa, akatumbukia shimoni. Mara ya pili, shimoni. Mara ya nne mdogo wangu akaigeuzageuza pedi ya kuchezea mikononi. "Zamani halikuwa zito hivi."

"Lilikuwa zito hivihivi," nikamwambia.

Niseme bila kumung'unya maneno: gemu lile lilikuwa bovu tangu siku lilipotengenezwa. Muziki wake ni sauti tatu zinazofukuzana. Mashimo yamewekwa kwa roho mbaya tu. Ukifa unarudishwa chini kabisa, uanze upya.

Mlinzi wa kwanza akatokea. Lugha ile niliisomea ukubwani, ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nikasoma kilichoandikwa: bonyeza kitufe cha kushoto mara mbili ili kuruka mbali.

"Haya, Dada," mdogo wangu akasema. Kipara kinaanza, lakini macho aliyonigeuzia yalikuwa yaleyale ya miaka sita. Binti naye alikuwa ananitazama.

"Mlinzi anasema," nikaanza, "'Pita, ila ujue nami nina ndugu yangu amepotelea humu. Ukimwona, mwambie sijalala.'"

"Umesikia!" mdogo wangu akajipiga paja.

Binti akaiweka simu. Mlinzi wa pili nikamfanya mwongo anayeogopa mke wake, binti akacheka kwa sauti. Wa tatu akamfanya ashuke kwenye kochi, akakaa sakafuni bega kwa bega na baba yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nanogewa.

Kwenye mlango wa tano binti akainua simu akaielekeza kwenye televisheni. Nilidhani anapiga picha.

"Shangazi, simu inatafsiri 'Kusanya funguo tatu.'" Akajaribu tena. "'Kusanya funguo tatu.' Basi."

"Simu hizo hukosea," baba yake akasema. "Shangazi yako anaapishwa kwa kazi hii. Si ndiyo, Dada?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeniamini mimi, akaacha kumwamini mwanawe.

"Simu haijakosea," nikasema.

Akaiweka pedi chini taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Sikuwa naijua ile lugha. Kila jioni ulikuwa unamlilia mama, nikaona ukisikia hadithi unanyamaza."

Nilingoja matusi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hata yule mama wa mlango wa saba?"

Nilikuwa nimemsahau. Mdogo wangu ndiye aliyenikumbusha: katika tafsiri zangu kila mlinzi alileta salamu za mama huyo, kwamba yupo juu kabisa anapumzika, ameshapona, anangoja tu afikiwe ndipo arudi nyumbani.

"Hata yeye."

"Mjomba alikuja kuchukua mashine wiki ya msiba wa mama," akasema. "Mimi sikulia, unakumbuka? Watu wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Dada, sikulia kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Niliona ni sisi tu hatujamaliza gemu."

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Nilimwomba radhi. Akaiokota pedi. "Twende mpaka mwisho. Na safari hii utafsiri kama mahakamani."

Ilichukua saa nzima. Kwenye mashimo mabaya binti alimpokonya pedi, akayaruka yeye, akamrudishia. Mlango wa saba ukafunguka. Chumba kitupu, na mstari mmoja wa maandishi.

"Sema," mdogo wangu akasema bila kunigeukia.

"Imeandikwa, 'Umefika mwisho. Asante kwa kucheza.'"

"Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akalia. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, akalia kwa kwikwi, kamasi na machozi, sakafuni kwake. Binti yake akamsogelea. Alimshika mkono akaung'ang'ania, mpaka kwikwi zikapungua.

"Baba," akasema, "bibi alikuwaje?"

Mdogo wangu akafumba macho kuitafuta sura ya mama, akatikisa kichwa. Alikuwa na miaka sita tu wakati ule. Wote wawili wakanigeukia mimi, wakangoja.