Mkunga Aoshaye Maiti

Asubuhi hii, kwenye benchi la wodi ya saratani, Mwanakombo anasinzia na fomu ya ridhaa mapajani. Si uzembe, siku ya nne leo hajalala sawasawa. Daktari amemweleza mara tatu kwamba dawa ya majaribio itaizuia protini fulani mwilini mwa Saumu, bintiye wa miaka kumi na mmoja, na kwamba protini yenyewe haieleweki: huku huziua seli zilizoharibika, kule huzilinda zisife, zikazaana, uvimbe ukanenepa. Mwanakombo ameuliza, ni nzuri au mbaya? Daktari, maskini, amevua miwani akasema inategemea.

Kope zinagusana, na benchi linakuwa barabara. Ni barabara nyekundu, laini, inakwenda na kurudi, na nyumba za upande huu ndizo za upande ule, mlango ukifungwa huku unajifunga na kule. Mbele anatembea mwanamke asiye na uso, kabeba beseni, na Mwanakombo anamfuata kwa kuwa hakuna mwingine wa kumfuata. Mwanamke anaingia nyumba ya kwanza, anaosha maiti kwa upole, anamfunika, nyumba inatulia. Anaingia ya pili na beseni lile lile, anazalisha, na watoto wanaotoka hawalii wala hawaishi kutoka, wanajaa chumba, wanatafuna kuta. Mwanakombo anaogopa. Bibi, anauliza, wewe ni mkunga au mwosha? Mwanamke anasema yeye ni mikono tu, aulizwe anayemwita. Na anayekuita ni nani? Mwenye nyumba. Na nyumba hii ya nani? Mwanamke anasogea pembeni, na kizingitini pana viatu vya shule vya Saumu. Barabara inajikunja, na kila kizingiti sasa kina viatu hivyo, penye maiti na penye watoto. Nyumba zote ni za mwanawe. Mwanakombo anashika komeo. Nikikufungia nje, utaacha kuwazalisha hawa? Nitaacha, anasema mwanamke. Na kuosha nitaacha pia; walioharibika watabaki ndani, na siku watakapoinuka utanilaumu mimi. Nitajilaumu mwenyewe, anasema Mwanakombo, na anafunga huku analia, maana mikono ile anaipenda, imemtunzia mwanawe miaka yote hii yeye hana habari.

Mama Saumu, nesi anaita. Benchi ni benchi. Au ni barabara iliyonyooka kidogo, kwani sakafu ni nyekundu, milango inafanana, na nesi ameligeuzia dirisha mgongo hata uso wake hauonekani. Anauliza kama ameshaamua. Mwanakombo anaitazama kalamu, hana hakika yuko upande gani. Anatia sahihi taratibu, jina zima, na moyoni anajiambia kwamba kama bado amelala, akiamka ataitia tena.