Bolti ya Kumi na Saba

Tundu la kufungia kifuniko cha posho mil ya marehemu mke wangu, Lorine, lilikuwa limeisha meno. Bolti ilizunguka bure, kama diwani baada ya kura. Lorine alikuwa akikifunga kwa mpira wa tyubu na kinatulia siku nzima. Mimi, tangu nimzike, nafunga, kinafyatuka, unga unaruka, na wanawake wa mtaa wetu wa Obunga wananipita wakienda kusaga kwa Mukhtar, mwenye mashine nyingine. Mashine ikifa, kwangu hakuna kitu cha Lorine kitakachobaki kikinguruma.

Nikakipeleka kile chuma chenye tundu kwa Dorca, fundi wa karibu na reli.

“Jaduong', mzee wangu, tunapanua hili tundu mara moja tu, tukate meno mapya,” alisema. “Tukizidisha, chuma kinapasuka. Na mashine ya aina hii haiuzwi tena.”

“Itauzwaje, na wakubwa wameshajaza nchi bati laini?”

“Sawa. Bolti nene umeleta?”

Nikampa. “Hiyo ni ya kumi na saba. Weka biti ya kutobolea ya kumi na saba.”

Akaweka drili chini, akajifunika mdomo kwa glavu kuficha kicheko. “Mzee wangu, kumi na saba ni ya spana. Ni kichwa hicho. Wewe unatoboa ukuta upitishe kofia?”

Akapima mwili wa bolti. Milimita kumi.

“Basi toboa kumi.”

“Nikitoboa kumi, bolti itaingia kama wewe unavyoingia kanisani. Itatoka vilevile, haijashika kitu.” Akanionyesha meno ya bolti kwa ukucha. “Lazima tuache nyama ya kukata meno. Mwili ni kumi. Toka jino hadi jino ni moja na nusu. Toa hiyo, unabaki na nane na nusu. Hiyo ndiyo biti.”

“Hii ni serikali kabisa,” nikasema. “Kichwani kumi na saba, mwilini kumi, kazi yenyewe nane na nusu. Hiyo ingine imeliwa na nani?”

“Hiyo ingine ndiyo inashika, Jaduong'.”

Akatoboa. Kisha akatia tapu, kile chuma cha kukatia meno, akaidondoshea mafuta, akanikabidhi mpini wa tapu. “Zungusha wewe. Nusu mbele, kidogo nyuma, takataka zitoke. Ukilazimisha, inakatikia humo ndani na tumekwisha.”

Nilizungusha polepole. Nusu mbele, kidogo nyuma.

“Ungekuwa bungeni,” akasema, “tungekuwa tumefika.”

Bolti ikaingia kwa vidole, kisha ikakaza. Nikaivuta na spana, haikusogea. Dorca akaokota ule mpira wa Lorine, uliokuja umening'inia kwenye chuma, unga umekauka kwenye fundo.

“Huu tutupe sasa?”

Nikaunyakua, nikautia mfukoni.

“Bolti ni za kuletwa na serikali, zaweza kulegea tena,” nikamwambia. “Huwezi kujua.”

Akanitazama, akaanza kupanguza tapu. “Ni kweli, Mzee,” akasema. “Huwezi kujua.”